Meli Isiyosafiri

Tiketi ni euro sita. Mtoto halipi.
Raili ameweka sufu na sindano zake za kufumia
juu ya sanduku la fedha,
na kabla hajatupa chenji anatuonya:
"Vichwa! Mabaharia wale walikuwa wafupi,
au labda walizoea kuinama."

Makumbusho yenyewe ni ghala la zamani la chumvi.
Ndani ya kabati la kioo: jino la nyangumi,
dira iliyopofuka, na buti moja la ngozi, la kushoto.
Pinja anauliza la kulia liko wapi.
Kibao hakisemi.
Vibao hujua mwaka, hujua uzito kwa kilo;
mambo ya miguu haviyajui.

Mlango wa nyuma unatutoa gatini,
na hapo ndipo ilipofungwa, kwa kamba nne,
nyekundu kama pilipili iliyosahauliwa thelujini.
MUSTAKARI, ubavuni, herufi zinampita Pinja kimo.
Si jina la meli. Ni jina la mwamba
ulioko maili tisa huko nje, chini ya maji,
na meli ililichukua
kama mlinzi anayevaa jina la mwajiri kifuani.

"Ilikuwa inakwenda wapi, Baba?"
Haikwenda popote. Barafu ikiyeyuka
ilivutwa hadi karibu na mwamba,
ikatupa nanga, ikawasha taa, ikakaa.
Barafu ikianza kufunga bahari, ikarudi nyumbani.
Miaka arobaini na mmoja.
Pinja ananitazama kama niliyemuuzia yai bovu.
"Sasa hiyo ni meli gani?"

Tunashuka kinyumenyume, ngazi imesimama wima.
Harufu ya dizeli, ya sufu mbichi,
ya kahawa iliyomwagika kabla sijazaliwa.
Jikoni, sufuria zimezungushiwa vyuma
zisihame juu ya jiko mawimbi yanapokuja,
maana kukaa si kutulia.
Najigonga kichwa. Pinja anacheka hadi anakaa chini.

Daftari la mpishi limefunuliwa,
Aulis Hietaranta, kwa penseli butu:
Jumatatu, ukungu.
Jumanne, ukungu.
Jumatano, mke wangu amejifungua, wasema redioni. Wa kike. Ukungu.
Alhamisi, supu ya njegere. Zimepita meli tatu.
Moja imepiga honi.

Namsomea Pinja yote, ila Jumatano
naisoma haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.
Anaisikia vilevile.
"Akaenda kumwona lini?"
Nageuza macho nitafute kibao.
Baadaye tunamuuliza Raili, naye bila kuacha kufuma:
"Aulis? Alihamia Uswidi, akafungua duka la baiskeli."
Basi. Anahesabu mishono.

Saa tisa na nusu watoto huruhusiwa kupiga king'ora cha ukungu.
Leo mtoto ni mmoja tu.
Anavuta mpini kwa mikono miwili, ananing'inia nao,
na sauti inayotoka haifanani na chombo;
ni ng'ombe mkubwa kuliko mji,
anayemwita ndama asiyemwona.
Shakwe wote wanaruka. Mzee mmoja na mbwa wake
wanasimama darajani, wanasubiri iishe,
wanaendelea na safari.

Treni ya Pinja ni ya saa kumi na moja na dakika nne.
Mama yake atampokea upande wa pili,
nami nitamwona tena Jumamosi isiyo hii, ile.
Begi, kofia, glavu moja (nyingine imebaki melini, bila shaka;
Raili ataiweka kabatini, ya kushoto, bila maelezo).
"Baba, zile meli zilizopita, zilikuwa zinaiona?"
Ndiyo. Kazi yake ilikuwa kuonekana.
"Mbona moja tu ndiyo iliyopiga honi?"

Milango ikajifunga kabla sijapata jibu.
Nilisimama palepale kwenye saruji, giza limeshaingia,
nikawasha tochi ya simu, nikainyanyua juu
kama mwendawazimu.
Dirisha la tatu likanipungia.
Au lilikuwa pazia.